Ndege Hutoka Asubuhi



Leo mtuwie radhi, hatuzungumzi mishono wala piko. Tunazungumza habari ya kutafuta kazi, na kwa kuwa habari hiyo ukiizungumza kavu inaumiza kichwa, tumeichanganya na ndege. Msitucheke. Nani anajua kutafuta riziki kuliko ndege? Hana cheti, hana mjomba ofisini, hana hata kibindo cha kuwekea akiba, na jioni anarudi mtini tumbo limejaa.

Sisi ni wanne, tunashona katika chumba kimoja Ngamiani, hapa Tanga. Wawili ni ndugu wa tumbo moja, wa tatu ni mtoto wa mama yetu mdogo, wa nne ni shoga yetu tuliyekaa naye dawati moja. Wote tuliishia kidato cha nne, wote tulipita kozi ya ushonaji, na wote tumeshaingia thelathini, isipokuwa mdogo wetu ambaye bado yuko kwenye miaka ya kubembelezwa. Tunashona mashela ya harusi, mabaibui na sare za shule. Lakini kabla ya chumba hiki tulitafuta kazi miaka mitatu mizima, na hayo ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Bahasha ya kaki

Tulipotoka chuoni kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake nakala ya cheti cha kidato cha nne, nakala ya cheti cha ushonaji, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji wa mtaa, na picha nne za pasipoti, zile ambazo hata mwali mzuri vipi humo hutoka kama aliyefiwa. Tukazunguka nazo mji mzima kwa baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli, baibui tumelikunja vizuri lisiingie kwenye mnyororo.

Wazee wetu husimulia kwamba zamani kazi ndiyo iliyokuwa ikitafuta watu hapa. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka mikoa ya mbali na hata nchi za jirani, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Palikuwa na reli, bandari, viwanda. Sisi tulichokikuta ni mageti yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu HAKUNA NAFASI ZA KAZI, na juu ya geti ametua kunguru, anatutazama kutoka kichwani hadi miguuni kama vile yeye ndiye afisa utumishi.

Tulipofanikiwa kuingia ndani tuliulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Mtu aliyetoka chuo juzi, miaka mitatu ataitoa wapi? Ashone usingizini? Mahali pengine waliambiwa wawili wetu, "Acheni namba, tutawapigia." Wakalala na simu chini ya mto wiki mbili. Iliyopiga ilikuwa ya mama, anauliza chumvi imewekwa wapi.

Nyumbani kila mtu alikuwa na la kutufariji, na kila faraja ilikuwa na ndege. "Tulieni watoto, Mungu hawasahau hata ndege." Ni kweli kabisa. Lakini siku moja bibi yetu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, akawakata kauli: "Ndege gani huyo anayelishwa kitandani?"

Bibi alikuwa anaikumbuka hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.), iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) na kuwekwa na At-Tirmidhi na Ibn Majah. Maana yake ni kwamba lau tungemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao hutoka asubuhi wakiwa na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wengi tumeishika kwenye kushiba. Bibi aliishika kwenye kutoka. Ndege wa hadithi ile hakukaa kiotani akingoja mtama udondoke. Alitoka, na alitoka mapema, tumbo tupu, bila kujua atatua wapi. Kutawakali kwake kumo ndani ya mbawa.

Tangu siku hiyo tukaanza kuwaangalia ndege kwa jicho la mtafuta kazi. Na tukaona kwamba ndege wote hutoka, lakini hawatoki namna moja.

Kunguru, mtafutaji asiyechoka

Tumwanze huyu wa kwenye geti. Kunguru wetu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake Bara Hindi, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji, na kutoka huko akaenea pwani nzima. Kwa hiyo ndugu zetu wa visiwani, huyu ni mgeni wenu aliyepitiliza hadi kwetu! Aliajiriwa usafi, na mwenye kumwajiri hakujua kwamba hatastaafu. Ametegwa, amewekewa sumu, na asubuhi yuko pale pale juu ya jaa, koti limekaa sawa.

Tulimpenda kwa jambo moja: hajui kukata tamaa. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Lakini kunguru ana lake jingine. Anakula mayai ya wenziwe na makinda yao, na mahali alipozidi yeye, ndege wadogo hupungua. Mjini tunawajua watu wa namna hiyo. Akisikia mwenzake ameitwa mahali, anawahi yeye. Akiona fundi jirani ana mteja, anamnong'oneza mteja kwamba fundi yule hupoteza vitambaa. Riziki ya namna hiyo inashibisha, lakini hatukuitaka. Tukamwachia kunguru geti lake.

Hudhud na habari ya uhakika

Aliyetubadilisha ni hudhud, na hakutoka mtini, alitoka kwenye darsa. Tulikuwa na darsa la akina mama kila Jumamosi baada ya Alasiri, na ustadhati wetu alifika Surat An-Naml. Nabii Sulayman (A.S.) akawakagua ndege, hudhud hayupo. Akaahidi kumpa adhabu kali, isipokuwa alete sababu iliyo wazi. Punde hudhud akafika. Kachelewa kazini, bosi ni mfalme wa watu na majini, na kosa lake linajulikana na jeshi zima. Sisi tungeanza kusema gari liliharibika Muheza. Hudhud alisema amekuja na habari ya yakini kutoka Saba. Na Nabii Sulayman hakumwamini moja kwa moja. Alisema ataangalia kama anasema kweli, akampa barua aipeleke.

Tuliporudi nyumbani shoga yetu akasema, "Jamani, hudhud hakuonyesha cheti. Alionyesha alichokileta, kisha akapewa kazi ya majaribio."

Tukaziangalia bahasha zetu. Kweli, ndani yake palikuwa na karatasi inayosema kwamba tunajua kushona, lakini hapakuwa na kitu kilichoshonwa. Wiki ile tukachanga pesa, tukanunua kitambaa cheupe, tukashona shati moja la mwanafunzi. Moja tu, lakini lilishonwa na mikono minane. Mmoja alikata, mmoja alishona kola, mmoja vifungo na matundu yake, na mdogo wetu, ambaye ndiyo kwanza ametoka chuo, alipiga pindo na pasi. Tukaenda nalo shule moja. Mwalimu mkuu hakufungua bahasha. Alilichukua shati, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono wa kwapa kwa nguvu zake zote. Haukuachia. Akatuagiza mashati 12, akasema, "Tuone."

Ndiyo ilikuwa barua yetu ya Saba. Baada ya 12 yakaja 60.

Mnana na mkaguzi wake

Hapa tunawaomba mabibi harusi wasogee karibu. Kwenye minazi na miti ya uani hapa Tanga wako minana, wale wadogo wa manjano wenye kelele nyingi asubuhi. Dume ndiye anayesuka nyumba. Anachana majani mabichi, anafuma, anapitisha na kufunga fundo kwa mdomo, hana sindano wala mkasi. Akimaliza ananing'inia chini ya nyumba yake, anapigapiga mbawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta hapa, anachokoa pale, kama mama mkwe anayekagua kabati. Akiridhika anakaa na kuanza kutandika ndani. Asiporidhika anaondoka, wala haagi. Nyumba ikinyauka bila kupata mke, fundi anaibomoa mwenyewe na kuanza nyingine mbichi.

Siku tulipomwona mnana akibomoa nyumba yake, tulikuwa tumerudishiwa shela. Bi harusi alikataa shingo, akakataa mikono, akakataa na lasi aliyoichagua mwenyewe. Tulikuwa tumenuna wote wanne. Bibi akatuonyesha juu ya mnazi: "Mwangalieni mwenzenu, amekataliwa nyumba nzima, nyinyi mmekataliwa mikono tu." Tukafumua. Kufumua ni nusu ya ushonaji, na nadhani ni zaidi ya nusu ya kutafuta kazi.

Fundi cherehani wa Amani

Sare zilitufikisha hata milimani. Kutoka Muheza barabara inapanda hadi Amani, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Tulipeleka mzigo wa sketi, gari la kurudi likachelewa, tukakaa na kijana mmoja anayewaongoza wageni. Aliposikia sisi ni mafundi akacheka: "Basi mna ndugu yenu humu."

Akatueleza habari za ndege mdogo, mdomo mrefu mwembamba, anayejificha kwenye matawi yaliyosongamana. Jamii ya ndege hao huitwa mafundi cherehani kwa sababu wako kati yao wanaotoboa kingo za majani kwa mdomo na kuyaunganisha kwa nyuzi za buibui, kisha wanajenga kiota ndani ya mfuko huo. Huyu wa Amani ni miongoni mwa ndege adimu duniani. Mbali na Usambara Mashariki, anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Wageni husafiri nusu ya dunia wakitumaini kumwona, na kijana yule analipwa kwa kujua anakolia.

Ndege huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1931 kwa heshima ya Mwingereza Reginald Moreau. Huyu bwana naye alikuwa na kisa cha kazi. Hakusomea ndege. Alikuwa mtu wa hesabu za serikali kule Cairo, na mwaka 1928 akaja Amani kufanya kazi za ofisi. Ndege alikuwa akiwafuata kwa mapenzi, na mwisho yale mapenzi ndiyo yaliyomfikisha Oxford na kumfanya mhariri wa jarida kubwa la ndege la Uingereza. Lakini kule msituni hakuwa peke yake. Alifanya kazi na Salimu Asmani, Mwafrika aliyekuwa hodari wa kutafuta ndege na viota, na mengi aliyoyaandika Moreau yalitoka kwenye macho na masikio ya Salimu. Jina kubwa likabaki la mmoja.

Tulishuka mlimani tunalizungumza hilo. Mdogo wetu akauliza, "Kwani sisi, shela likisifiwa ukumbini, nani hujua nani alilitarizi?" Hakuna aliyemjibu, lakini mwezi uliofuata tulianza kushona kitambulisho kidogo ndani ya kila gauni, chenye jina la chumba chetu. Unajua kazi yako, basi ijulikane kuwa ni yako.

Yule anayekwenda Oman

Maji yakitoka, kwenye mafungu ya mchanga na matope ya pwani yetu hutua ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Chakula chake kaa. Tunakaa naye miezi mingi ya mwaka, lakini hazai huku. Msimu ukifika anaruka hadi kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani, anataga yai moja tu, kisha anarudi kwetu na mwanawe.

Dada yetu mkubwa humwita mwenzangu. Naye alikwenda Muscat miaka miwili kufanya kazi za nyumbani. Hatutawaambia kwamba kila anayekwenda hulia. Mshahara wake ndio ulionunua cherehani zetu mbili za kwanza, na familia aliyokaa nayo ilimpa chakula na mavazi. Lakini pasipoti yake ilichukuliwa siku aliyofika, na simu alipewa Ijumaa tu. Baba yetu alipofariki alipata habari siku ya tano, na hakuweza kurudi. Anasema hivi: "Ndege yule huenda na mbawa zake. Mimi mbawa zangu zilikuwa kabatini kwa mwenye nyumba."

Kwa hiyo wewe unayefikiria kwenda, hatukuzuii. Tunasema nenda na mbawa zako. Mkataba uusome, na usomwe na mtu wa nyumbani kwako. Pita serikalini: huku bara kuna Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na visiwani kuna Kamisheni ya Kazi. Andika namba ya ubalozi wetu Muscat mahali pasipopotea, si kwenye simu peke yake. Nakala ya pasipoti iache kwa mama. Na anayetaka ulipe pesa ya fomu kabla hujaiona kazi yenyewe, mkimbie. Wahenga hawakukosea: ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

Cherehani inavuka bahari

Tumalizie na habari yetu ya sasa. Mdogo wetu posa yake imejibiwa, mashallah. Mume anatoka Wete, na harusi in shaa Allah ni mfungo pili. Yeye ndiye mwenye mkono wa kutarizi kuliko sisi sote, na huko aendako hakuna chumba chetu.

Mama yetu mdogo alikuwa na neno lake: "Mume ndiye kazi, mengine ya nini?" Mashekhe wanatufundisha kwamba nafaka ni wajibu wa mume, na pato la mke ni mali yake mwenyewe. Na Bi Khadija (R.A.), mke wa kwanza wa Mtume wetu, alikuwa mfanyabiashara. Lakini mdogo wetu hakubishana. Alimwomba mjomba, aliyesimamia mazungumzo, aliulize jambo hilo mapema, kabla ya mahari kupelekwa: ataendelea kushona au hataendelea?

Mume alikubali pale pale. Mama yake ndiye aliyesita, na hatumlaumu. Aliuliza, wateja wataingia na kutoka nyumba ya mke wa mtu saa zote? Pakaongeleka kwa wiki mbili, kwa simu na kwa wajumbe. Mwisho wamekubaliana: chumba cha uani, wateja wanawake tu, na Magharibi ikikaribia mlango unafungwa. Mdogo wetu alipopewa majibu alisema kumbe na yeye ni ndege wa hadithi, anatoka asubuhi na kurudi jioni, ila safari yake ni kutoka chumbani hadi uani.

Tulicheka sana. Kisha kila mmoja akajifanya anatafuta mkasi.

Cherehani yake itapanda boti pamoja na vyombo, tumeshaifungia kwenye magodoro. Kwenye chumba chetu itabaki nafasi karibu na dirisha, na mpaka sasa hatujakubaliana nani akae hapo. Wasichana watatu wameshakuja kuomba. Wawili walileta bahasha. Mmoja alileta mto alioutarizi mwenyewe, na tumemwambia arudi Jumatatu.

Wewe bi harusi unayesoma hapa huku hina haijakauka, swali la kazi liulize sasa, kwa adabu, kupitia wakubwa wako. Na wewe dada uliyemaliza masomo na umechoka na mageti, usione haya kuanza na shati moja. Allah amewashika ndege angani wanapokunjua mbawa na wanapozikunja, kama tunavyosoma katika Suratul Mulk. Anatuona na sisi.

Allah atupe riziki ya halali yenye baraka, amjaalie mdogo wetu na mumewe mapenzi na masikilizano, na awarudishe salama wote walio mbali na nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.